Mtoto hapimwi kama gunia
Namna ya kusoma kilo na urefu wa watoto na vijana wetu



Mizani tunaijua sisi wote. Kwenye depo hakuna gunia la maharagi wala la kahawa linaloingia bila kupimwa, na mwenye gunia anasimama karibu kabisa ili aone namba kwa macho yake. Lakini tukiulizana: mtoto wako wa miaka 12 ana kilo ngapi? Ana urefu gani? Hapo wengi tunanyamaza. Karne yake ya CPS ilijazwa vizuri mpaka alipofika miaka 5, kisha ikawekwa ndani ya sanduku pamoja na nguo za sikukuu. Toka siku ile mpaka siku ya kuoa ao kuolewa, hakuna tena mtu wa kumpima.

Katika mikutano ya vyama, wazazi wanatuuliza maswali matatu, na yanarudi kila mara. La kwanza: "Binti yangu walimupima, wakasema IMC yake ni 16. Kwa mukubwa hiyo ni mubaya sana. Atapona kweli?" La pili: "Kijana wangu ni mufupi, lakini hagonjwe. Si ni sababu babu yake alikuwa mufupi?" La tatu: "Mutoto wangu ni munene muzuri. Hiyo si njo afya?"

Hapa tunayajibu yote matatu. Si kazi ya hesabu tu. Mzazi akisoma namba vibaya anaweza kuuza kuku wote kwa sababu ya mtoto ambaye hana ugonjwa, na kumwacha yule mwingine ambaye anahitaji msaada.

IMC NI NINI?

IMC ni namba inayoonyesha kama uzito wa mtu unalingana na urefu wake. Inapatikana hivi: unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa meta, halafu unagawanya tena kwa urefu uleule.

Mfano: kijana ana kilo 41 na urefu wa meta 1,60. Andika 41 kwenye telefone, gawanya kwa 1,60, kisha gawanya tena kwa 1,60. Unapata 16. Hiyo ndiyo IMC yake.

Hesabu hii ni ya zamani. Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, ndiye aliyeitengeneza katika miaka ya 1830, akitafuta namna ya kueleza umbo la watu wengi kwa pamoja. Hakuitengeneza ili kusema mtu huyu ni mgonjwa na yule ni mzima. Mpaka leo IMC inafaa kutumiwa kama filimbi ya mlinzi: inakuamsha, kisha wewe unaenda kuangalia kuna nini.

Kwa watu wazima kazi ni rahisi. Chini ya 18,5 mtu amekonda. Kutoka 18,5 mpaka karibu 25 yuko vizuri. Toka 25 kwenda juu uzito umezidi, na toka 30 ni unene wa hatari. Mwanaume ao mwanamke, miaka 25 ao 50, namba ni zilezile.

Kwa mtoto hizo namba hazifanye kazi.

MAHINDI YA JUMA TATU NA MAHINDI YA MIEZI MIWILI

Mkulima akikuambia, "Mahindi yangu yamefika kwenye goti," utampongeza ao utamhurumia? Huwezi kujibu kabla ya kumuuliza alipanda lini. Kama ni juma tatu, shamba linaenda vizuri. Kama ni miezi miwili, kuna shida kubwa. Urefu ni uleule, habari ni mbili tofauti.

Mtoto naye ni hivyo. IMC yake inabadilika kila mwaka hata kama anakula vizuri. Mtoto mchanga ananona mpaka karibu mwaka wa kwanza. Kisha anapoanza kutembea na kukimbia, IMC inashuka polepole, na inafika chini kabisa karibu na miaka 5 ao 6. Ndiyo maana watoto wengi wa umri huo wanaonekana wembamba, mbavu zinahesabika, na hawana ugonjwa wowote. Kuanzia hapo inapanda tena mpaka utu uzima. Wasichana wanatangulia kurefuka kwa haraka, mara nyingi kati ya miaka 10 na 12. Wavulana wanafuata nyuma, karibu na miaka 12 mpaka 14. Kwa hiyo msichana na mvulana waliozaliwa juma moja wanaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa, na wote wawili wakawa sawa.

Turudi kwenye ile namba 16. Mtoto wa kiume wa miaka 6 mwenye kilo 20 na urefu wa meta 1,12 ana IMC ya karibu 16. Huyo yuko vizuri kabisa. Kijana wa miaka 16 mwenye kilo 41 na meta 1,60 naye ana 16. Huyo amekonda, anahitaji kuangaliwa. Namba moja, majibu mawili.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilitoa fishi za kusomea IMC ya watoto kulingana na umri na jinsia. Zile za miaka 5 mpaka 19 zilitoka mwaka wa 2007. Tumetoa humo namba chache, muweze kuzinakili na kuzibandika kwenye ukuta wa depo. Namba ya kwanza ni mpaka wa chini: chini yake, mtoto amekonda. Ya pili ni ya katikati. Ya tatu ni mpaka wa juu: juu yake, uzito umezidi.

Wasichana
Miaka 6: 12,7 – 15,3 – 17,0
Miaka 8: 12,9 – 15,7 – 17,7
Miaka 10: 13,5 – 16,6 – 19,0
Miaka 12: 14,4 – 18,0 – 20,8
Miaka 14: 15,4 – 19,6 – 22,7
Miaka 16: 16,2 – 20,7 – 24,1
Miaka 18: 16,4 – 21,3 – 24,8

Wavulana
Miaka 6: 13,0 – 15,3 – 16,8
Miaka 8: 13,3 – 15,7 – 17,4
Miaka 10: 13,7 – 16,4 – 18,5
Miaka 12: 14,5 – 17,5 – 19,9
Miaka 14: 15,5 – 19,0 – 21,8
Miaka 16: 16,5 – 20,5 – 23,5
Miaka 18: 17,3 – 21,7 – 24,9

Sasa swali la kwanza limepata jibu. Kama yule binti mwenye 16 ana miaka 12, yuko juu ya mpaka wa 14,4. Si mnene, lakini hajavuka mpaka. Mama yake asilie. Ampe chakula cha kutosha, ampime tena baada ya miezi. Kama ana miaka 16, yuko chini kidogo ya 16,2. Huyo apelekwe kituo cha afya juma hilihili.

MTOTO MFUPI MWENYE NAMBA NZURI

Hapa ndipo tunaomba musome polepole, kwa sababu ndipo watoto wetu wengi wanapopotea.

Chukua binti wa miaka 14, kilo 33, urefu wa meta 1,42. IMC yake ni 16,4. Mpaka wa chini kwa umri wake ni 15,4. Namba inasema hajakonda. Wazazi wanashukuru Mungu, mambo yanaishia hapo. Lakini angalia urefu wake peke yake. Msichana wa miaka 14 aliyekua vizuri ana karibu meta 1,60, na kwenye fishi ya urefu, chini ya karibu meta 1,46 tunasema amedumaa. Binti huyu ana 1,42. Kilo zake ni chache na urefu wake ni mfupi, na kwa sababu vyote viwili vimepungua pamoja, IMC haioni kitu.

Ni sawa na shamba lililopandwa kwenye udongo uliochoka. Miche yote ni mifupi, lakini majani yake yako, hakuna mche uliolala. Mpita njia anasema shamba ni zuri. Mwenye shamba anajua kwamba siku ya mavuno masuke yatakuwa kama kidole.

Hili si jambo la watoto wachache. Uchunguzi mkubwa wa serikali wa EDS wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, watoto 43 walikuwa wamedumaa. Waliokonda walikuwa 8. Yaani, kwa kila mtoto mmoja aliyekonda, ambaye kila mtu anamwona, kuna zaidi ya watano waliodumaa, ambao tunawaita tu "wafupi".

Na babu, je? Ni kweli urefu unatoka pia katika ukoo. Lakini OMS ilifuata watoto karibu 8.500 wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, waliokuwa wakinyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri. Watoto hao walikua karibu sawasawa, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, mpaka miaka 5. Kwa hiyo kama katika kijiji karibu nusu ya watoto ni wafupi, tusimsingizie babu. Tuangalie sahani, maji, malaria, na minyoo. Na babu mwenyewe, huenda alikosa chakula akiwa mdogo.

Sehemu kubwa ya kudumaa inatokea toka mimba mpaka miaka 2, na kurudisha urefu uliopotea ni vigumu. Ndiyo sababu ya kumlinda mama mjamzito na mtoto anayenyonya kabla ya wote. Lakini hatusemi kwamba kijana wa miaka 13 ameisha kupotea. Mwili wake unakua tena kwa haraka, unajenga mifupa na damu, na kama unapata chakula utakitumia. Kwa msichana kuna sababu nyingine. Akianza kwenda mwezini anapoteza chuma cha damu. Akipata mimba kabla hajamaliza kukua, yeye na mtoto aliye tumboni wanagombania chakula kimoja, na mara nyingi mtoto anazaliwa na kilo kidogo. Hapo ufupi unaanza upya katika kizazi kingine. Kumwacha binti amalize masomo na kukua kabla ya kuolewa, hiyo pia ni dawa ya kudumaa.

MTOTO MNENE

Swali la tatu linatuchekesha kidogo, kwa sababu kwetu mwili mkubwa ni heshima. Lakini tumchukue mvulana wa miaka 8, kilo 27, meta 1,20. IMC yake ni 18,75. Kwa namba za watu wazima anaonekana sawa kabisa. Kwa miaka yake, mpaka wa juu ni 17,4. Uzito wake umezidi.

Watoto hawa bado ni wachache vijijini, lakini kwenye senta za biashara wanaonekana, pale ambapo pesa ya asubuhi inaishia kwenye mandazi, biskwi na sukre. Dawa si kumnyima mtoto chakula, maana anakua. Punguzeni sukre na vya kukaangwa, ongezeni matunda na mboga, mwacheni akimbie. Na tusimcheke. Mtoto anayeitwa "tembo" na ndugu zake anajificha kula, wala hapungui. Vilevile yule mwembamba asiitwe "fimbo". Kupima ni siri ya mzazi, mtoto na mwenye kupima.

NAMNA YA KUPIMA BILA KUJIDANGANYA

Mizani ya depo, ile ya kupimia magunia, haifai kwa mtoto. Inaruka nusu kilo ao kilo nzima, na kwa mtoto nusu kilo ni kitu kikubwa. Tumieni mizani ya kituo cha afya ao ya kusimamia, inayoonyesha gramu 100. Kabla ya kuanza, wekeni juu yake kitu munachojua uzito wake, kwa mfano kidumu safi chenye litre 10 za maji: maji peke yake ni kilo 10, ongezeni uzito wa kidumu kitupu.

Mtoto avue viatu, koti na vitu vya mfukoni.

Urefu unapimwa kwenye ukuta ulionyooka, chini pakiwa sakafu ngumu. Visigino, matako na mabega viguse ukuta. Macho yaangalie mbele. Kama nywele zimesukwa juu, zilazwe. Wekeni ubao ao kitabu kigumu juu ya kichwa, kilale sawasawa, chora alama, kisha pima kwa meta. Rudieni mara mbili. Senti mbili za kukosea zinabadilisha IMC.

Andikeni tarehe ya kuzaliwa, si "karibu miaka kumi". Kama haijulikani, ulizeni alizaliwa sezoni gani, kabla ao nyuma ya tukio gani la kijiji.

Halafu, pimeni tena. Kipimo kimoja ni picha, vipimo vitatu ni njia. Kwetu Kivu tunashauri mara mbili kwa mwaka: mwezi wa 11, wakati akiba imepungua na sezoni A bado iko shambani, na mwezi wa 7, baada ya mavuno ya sezoni B. Mtoto ambaye kilo zake zinashuka, ao zimesimama kutoka mwezi wa 11 mpaka wa 7 wakati anapaswa kukua, ni wa kuangaliwa hata kama IMC yake haijavuka mpaka.

Mambo mawili IMC haiyajui. Haijui nyama na mafuta: kijana anayelima na kubeba mizigo anaweza kuwa na kilo nyingi za misuli. Na haijui maji. Munakumbuka kahawa isiyokauka inavyodanganya mizani? Mtoto mwenye bwaki naye amejaa maji, kilo zake zinaonekana nzuri, na yuko katika hatari ya kufa. Bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba, muhesabu polepole mpaka 3. Kama kishimo kinabaki kwa miguu yote miwili, musingoje hesabu yoyote. Mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59 hatutumii jedwali la hapa juu. Kuna mkanda wa mkono ambao RECO wanao. Nyekundu, chini ya milimeta 115, ni hatari: mtoto apelekwe UNTA mara moja. Manjano, kutoka 115 mpaka chini ya 125, anaanza kupungua. Kijani, 125 na zaidi, endeleeni.

Na kijana aliyekonda, kabla ya kusema ni njaa, infirmie aangalie pia minyoo, malaria inayorudiarudia, kuhara, na kikohozi kilichopita juma mbili, maana kinaweza kuwa kifua kikuu. Chakula hakijazi mtungi wenye tundu.

KUTOKA DEPO MPAKA KWENYE SAHANI

Hapa koperative ina nguvu kuliko kituo cha afya. Infirmie anaweza kuona shida, lakini chakula kiko kwetu.

Fufu la muhogo linashibisha, lakini lina nguvu nyingi na kitu kidogo sana cha kujenga mwili. Unga wa muhogo hauna hata gramu 3 za protini kwa gramu 100. Maharagi makavu yanapita 20. Soya inafika karibu 36. Sasa, katika nyumba nyingi ni nini tunauza? Maharagi, soya, mayai, karanga. Ni nini tunabaki nacho? Muhogo. Tunatoa chakula kinachorefusha watoto, tunabaki na kile kinachojaza tumbo.

Hatusemi musiuze. Bila pesa hakuna masomo wala dawa. Tunasema muhesabu kwanza. Nyumba ya watu 6, kila mtu gramu 100 za maharagi makavu kwa siku, ni gramu 600. Kwa mwezi ni kilo 18. Kwa miezi mitatu ya njaa ni kilo 54. Mwanachama akileta kilo 200 kwenye depo, koperative inaweza kuandika katika daftari: kilo 54 za nyumba, 146 za soko. Akiba hiyo ikilindwa vizuri na wadudu, hainunuliwi tena kwa bei ya mara mbili mwezi wa 11. Baba na mama waamue pamoja, na wote wawili wajue namba.

Mengine ni madogo na yanawezekana:

Uji wa masoso asubuhi, wa mahindi, soya na mtama, kabla ya mtoto kwenda shule. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu mbichi inazuia tumbo kutumia protini.

Sombe na lenga-lenga ziwekwe mafuta ya mawese kidogo, na ndagala ao sambaza za kusaga, hata kijiko kimoja kwa sahani ya mtoto.

Kuku akitaga mayai kumi, matatu yabaki nyumbani, na yasiende yote kwa baba.

Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mapapai na maembe kwa ajili ya vitamini A. Maharagi yenye chuma kwa wingi, kama mbegu iko kwenu, wasichana wayapate kwanza.

Binti anayerudi kutoka shambani na kuchota maji amefanya kazi kama mtu mzima. Sahani yake isiwe ya mwisho.

Tunapendekeza kwa kila koperative: chagueni watu wawili, mwanamke na mwanaume, waelewane na infirmie na RECO wa eneo lenu la afya. Siku mbili kwa mwaka, mwezi wa 11 na wa 7, watoto wa wanachama kutoka miaka 5 mpaka 19 wapimwe kilo na urefu. Namba ziandikwe ndani ya daftari la familia, zisisomwe mbele ya watu. Wale waliovuka mpaka wa chini ao wa juu, na wale wafupi kupita kiasi kwa umri wao, waandikiwe karatasi ya kwenda kituo cha afya. Daftari moja, mizani moja, ukuta mmoja, mchana mmoja.

Ile karne iliyo ndani ya sanduku, itoeni. Kurasa zake za nyuma bado ni nyeupe, na mwenye karne bado anakua.